Kujaza mara moja: shajara ya kuhamia boila ya mfumo uliofungwa, Leicester, Uingereza

Hali ilivyo kabla ya kazi

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, kwenye safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ina rejeta nane, yaani vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba kwa maji ya moto, boila kuukuu ya gesi jikoni inayoyachemsha maji hayo, silinda ya maji ya moto ndani ya kabati la ghorofani, na matenki mawili darini. Tenki kubwa linalisha silinda na bafu. Lile dogo lina kazi moja tu, kuongeza maji kwenye mzunguko wa rejeta. Maji ya rejeta yakipata moto yanatanuka na kupanda kuelekea tenki hilo dogo, yakipoa yanashuka, na wakati wote huo yanagusana na hewa. Aliyekulia Tanga kama mimi anauelewa mfumo huu bila kuchorewa, maana ni tenki la juu ya paa lile lile: presha yote inatokana na kimo.

Shida yake iko kwenye chuma. Rejeta ni za chuma, na maji yanayokutana na hewa hayaishiwi oksijeni. Oksijeni inakula chuma, na kinachobaki ni unga mweusi mzito unaotulia chini ya rejeta. Ndiyo maana rejeta yetu ya sebuleni inachoma juu na iko baridi katikati chini. Hilo ni tope, wala si upepo, kwa sababu upepo ungekaa juu.

Mpango ni kuondoa boila, silinda na matenki, tuweke boila kombi moja, inayopasha rejeta na maji ya bafu pamoja bila silinda, yenye mfumo uliofungwa. Ndani ya mfumo uliofungwa maji yanaingia mara moja, koki zinafungwa, na oksijeni iliyoingia nayo inaisha kwa kutumika. Baada ya hapo chuma kinatulia, mradi hakuna anayeongeza maji mapya kila wiki. Sharti hilo ndilo nililolishika katika mradi huu mzima, na ndilo ninalotaka Waswahili wenzangu wenye nyumba huku Ulaya walielewe, kwa sababu nimeingia nyumba nyingi nikakuta hozi ya kujazia imefunguliwa nusu na mwenye nyumba anasema presha "inakaa vizuri".

Kuhusu gesi, sheria ya Uingereza haina mjadala. Kanuni za mwaka 1998 zinamtaka kila anayefanya kazi ya gesi kwa malipo awe kwenye rejista, na tangu tarehe 1 Aprili 2009 rejista hiyo inaitwa Gas Safe. Fundi wetu alinionyesha kadi yake kabla sijaiomba, na nyuma ya kadi pameandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Tumekubaliana hivi: yeye anatundika boila, anapitisha bomba la moshi, anavuta gesi, anawasha na kupima, kisha anaiandikisha kazi kwa mamlaka ya ujenzi. Mimi na shemeji tunashughulika na maji: kuosha, mabomba, rejeta, kupima presha na kujaza. Ufundi bomba nilijifunza nyumbani, kwa hiyo spana si ngeni mkononi.

Ijumaa jioni: kuosha

Tumeosha mfumo wa zamani wakati boila kuukuu bado inafanya kazi, kwa sababu dawa ya kusafishia inafanya kazi vizuri zaidi kwenye maji ya moto. Dawa iliingia kupitia tenki dogo la darini, ikazunguka siku kadhaa huku rejeta zote zikiwa wazi. Leo tumezima, tumefunga mpira wa bustani kwenye koki ya chini kabisa na kuyatoa.

Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama wino. Shemeji aliteka kidogo kwenye chupa ya kioo, akaweka sumaku ya mlango wa friji ubavuni, na tope lote likajikusanya upande ule likaacha maji karibu meupe. Ni chuma cha rejeta zetu kile. Kisha tuliingiza maji ya bomba la mtaa kwenye rejeta moja moja, nyingine zote zikiwa zimefungwa, ili nguvu yote ipite mahali pamoja. Ile ya sebuleni niliing'oa kabisa tukaioshea nje, tukiigonga kwa nyundo ya mpira huku maji yanapita. Ilitoa tope kupita zote.

Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu haionekani baada ya kazi kuisha. Boila mpya ina njia nyembamba sana ndani ya kifaa chake cha kubadilishia joto, na tope likifika huko hapapitiki tena. Kiwango cha Uingereza kinachohusu maji ya mifumo hii, BS 7593 cha mwaka 2019, kinataka mfumo uoshwe, utiwe dawa ya kuzuia kutu, na uwekewe chujio la kudumu. Tumenunua chujio la sumaku, litakaa kwenye bomba la kurudi, karibu na boila, ili kila tone lipite hapo kabla ya kuingia ndani.

Jumamosi: mabomba

Kazi ya kutwa, maelezo machache. Bomba la kwenda na bomba la kurudi yalikuwa ya shaba ya milimita 22 na yako salama, tumeyaacha. Matawi ya kwenda kwenye rejeta ni ya milimita 15. Njia mbili za tenki la darini, ile ya kulisha na ile ya kupumulia, tumezikata na kuzifunga vizibo vya shaba karibu kabisa na mahali zilipochipukia. Tawi refu lililokufa linahifadhi upepo na tope, heri liwe fupi.

Rejeta zote zimepata valvu mpya. Upande mmoja ni valvu yenye namba inayojifunga chumba kikipata joto, upande wa pili ni ile yenye kofia, ya kurekebisha mtiririko. Rejeta ya ukumbini, penye kidhibiti joto cha nyumba, haikuwekewa valvu ya namba, la sivyo viwili hivyo vingebishana.

Fundi wa gesi alikuja mchana akatundika boila. Valvu ya usalama ya boila inafunguka presha ikifika baa 3 (baa ni kizio cha presha), na mdomo wake unatoa maji yanayoweza kuwa ya moto sana. Tumeupeleka nje kwa bomba la shaba la milimita 15 linaloteremka, na mwisho wake tumeukunja ukautazama ukuta, ili maji yakitoka yasimrukie mtoto anayecheza uani. Bomba la majitaka ya boila, yale maji yanayotokana na moshi kupoa, tumelipitisha ndani hadi kwenye bomba la sinki la jikoni. Maji hayo yana asidi kidogo na yanatoka kwa kudondoka, kwa hiyo bomba likipita nje kwenye baridi kali linaganda, na boila inajizima. Desemba 2010 ilitokea hivyo kwenye nyumba nyingi sana Uingereza. Likipita ndani, hilo halipo.

Jumapili asubuhi: kupima mabomba kabla ya boila

Kuna jambo moja la kuhofia unapotoka mfumo wa wazi kwenda uliofungwa. Mabomba ya chini ya sakafu yamezoea presha ya kimo tu. Kutoka tenki la darini hadi jikoni ni kama mita 5, nayo mita 10 za maji ndiyo baa 1, kwa hiyo hapa chini hayakuwahi kuona zaidi ya nusu baa, na kule ghorofani hata hiyo hayakuiona. Sasa yatabeba 1.5 hadi 2 kila siku. Kiungio kilichojishikilia miaka mingi kwa kutu na bahati kinaweza kuachia.

Basi boila ikiwa bado imetengwa kwa koki zake, nilijaza maji na kupandisha kwa pampu ya mkono hadi baa 3, mara moja na nusu ya presha ya kazi tunayoitarajia. Tukaiacha.

Baada ya kifungua kinywa geji ilikuwa imeshuka hadi 2.6. Kwenye kipimo kama hiki kushuka kidogo mwanzoni kunaweza kuwa upepo unaojibana au maji yanayopoa, lakini 0.4 ni nyingi. Tulipita kila kiungio na karatasi laini kavu, tukiifunga kwa kuizungusha chini ya nati. Jicho halioni jasho la bomba, ila karatasi inaliona.

"Shemeji, njoo huku chumba cha nyuma," aliita. Karatasi ilikuwa na alama ya unyevu ndogo kuliko punje ya mchele, chini ya kiungio cha zamani cha nati pale bomba linapotoka sakafuni. Nilifungua nikakuta pete ya shaba ya ndani imeliwa upande mmoja. Kukaza zaidi kusingesaidia, kungeipasua. Tulikata kipande kile, tukaweka kiungio kipya na pete mpya, tukapandisha tena 3. Ilisimama hadi baada ya adhuhuri bila kutikisika, na ndipo nikaruhusu mbao za sakafu zirudishwe.

Ningekuwa nimejaza mfumo mzima pamoja na boila, tone lile lingekuwa linatoka kimyakimya chini ya mbao, geji ikishuka kidogo kidogo, nasi tungekuwa tunaongeza maji mapya na oksijeni mpya mwaka mzima.

Jumapili mchana: tangi la kutanukia

Ndani ya boila kuna tangi la lita 8 lililogawanywa kwa mpira. Upande mmoja hewa, upande wa pili maji ya mfumo. Maji hayabanwi, hewa inabanika. Kwa hiyo maji yakitanuka yanausukuma mpira na hewa inakubali kubanwa. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ya tenki la darini, ila sasa bila maji kugusana na hewa.

Hewa ya tangi inapimwa mfumo ukiwa mtupu, kwa hiyo maji ya kipimo cha asubuhi tulishayatoa. Maji yakishaingia, geji ya tairi itakusomea presha ya maji yanayousukuma mpira, wala hutajua tangi lilianza na nini. Nilifungua kofia ndogo ya valvu, ni ile ile ya tairi la baiskeli, nikapima: 0.5. Boila mpya, lakini imekaa ghalani na kusafirishwa. Nilipandisha kwa pampu ya baiskeli hadi 0.8. Kanuni ninayoifuata ni kwamba hewa ya tangi isiwe chini ya kimo cha maji yaliyo juu yake, na presha ya kujazia izidi hewa hiyo kidogo. Rejeta ya juu kabisa iko kama mita 2 na nusu juu ya boila yetu, yaani robo ya baa, kwa hiyo 0.8 inatosha kwa raha.

Hesabu nilimwonyesha shemeji juu ya kipande cha boksi. Mfumo wetu nakadiria una lita 80. Maji yakitoka nyuzi 10 hadi 70 yanaongezeka karibu asilimia 2.2, yaani lita 1.8. Tangi likianza na 0.8 na mfumo ukajazwa hadi 1.2, hewa inabaki na nafasi ya lita 6.5. Ziondoe 1.8, hewa inabanwa hadi kama 4.7, na presha inapanda karibu na 2. Hiyo ni salama. Sasa rudia hesabu hiyo na tangi lisilo na upepo wa kuanzia. Hewa inabaki lita 3.6 tu, zikitolewa 1.8 inabanwa nusu, na presha inapita 3. Valvu ya usalama inafunguka, maji yanamwagika nje, na nyumba ikipoa geji inasoma chini ya pale ulipojazia. Mwenye nyumba anaongeza maji. Kesho yake vivyo hivyo. Ugonjwa unaoonekana kwenye geji ni upungufu wa maji, lakini dawa yake ni upepo wa pampu ya baiskeli.

Jumapili alasiri: kujaza

Valvu zote za rejeta wazi, pande zote mbili, lakini vitundu vya kutolea upepo vimefungwa. Kofia ya kitoa upepo cha boila imelegezwa, isiondolewe. Koki za boila wazi. Umeme umezimwa, kwa sababu pampu ikizunguka inausaga upepo kuwa vipovu vidogo ambavyo huvipati tena kwa urahisi. Dawa ya kuzuia kutu nilishaimimina kwenye chujio la sumaku, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye chupa, lita 1 kwa mfumo wa hadi lita 100.

Hozi ya kujazia ina koki mbili na valvu ya kuzuia maji yasirudi. Nilifungua ya upande wa mfumo kwanza, kisha ya upande wa maji ya mtaa, robo mzunguko. Ukifungua kwa pupa maji yanaingia kwa kishindo na kuuchanganya upepo badala ya kuusukuma mbele. Polepole maji yalisikika yakipanda ndani ya ukuta, kwanza jikoni, halafu sebuleni, halafu mguu wa ngazi. Geji haikuondoka sifuri kwa muda mrefu, kisha ikaanza kunyanyuka. Ilipofika 1.5 nikafunga.

Tukaanza kutoa upepo, rejeta za chini kwanza, kisha za juu. Sababu ni kwamba upepo unapanda. Ukianza juu, utaurudia huko huko baada ya kumaliza chini. Ufunguo mdogo nusu mzunguko, kitambaa chini yake, unasikiliza. Upepo unatoka kwa mluzi mkavu, halafu unaanza kukatika, halafu yanakuja matone, halafu mstari wa maji. Mstari ukishika bila kukohoa, funga. Mimi nilikuwa kwenye rejeta, shemeji jikoni akinisomea geji kwa sauti.

"Shemeji, moja nukta moja. Sifuri nukta tisa. Simama kwanza."

Nilisimama, akaongeza hadi 1.5, tukaendelea. Presha ikishuka unapotoa upepo ni kawaida kabisa, nafasi ya hewa inachukuliwa na maji. Lakini usiiache ifike sifuri ukiwa ghorofani, maana hapo rejeta haisukumi tena nje, na kitundu kikibaki wazi kinaweza kuvuta hewa ndani. Rejeta ya bafuni ndiyo ilikuwa sugu kuliko zote, iko mwisho wa tawi na ndiyo ndefu. Tuliirudia hadi ikatulia.

Tulimalizia kwenye 1.2, mfumo ukiwa baridi.

Jumatatu: kuwasha

Fundi wa gesi alipima uvujaji wa gesi, akaangalia bomba la moshi, akawasha na kupima moshi kwa mashine yake, akaandika namba kwenye kitabu cha boila. Boila hizi zina programu ya kutoa upepo ambayo inaendesha pampu na kuisimamisha kwa zamu kabla ya moto kuwaka, aliiacha imalizike bila kuikatiza.

Kisha tukapandisha maji hadi nyuzi 70 ili kuipima hesabu ya boksi. Geji ilipanda taratibu na kusimama karibu na 1.9. Chini kidogo ya ile 2 tuliyoikadiria, na inaeleweka: maji yanayotoka yana 70 lakini yanayorudi ni baridi zaidi, kwa hiyo wastani wa mfumo haufiki 70. Tangi linafanya kazi.

Usiku, nyumba ilipopoa, geji ilionyesha 1.0. Shemeji alitaka kushuka chini ya sakafu. Nilimwambia tutoe upepo kwanza. Maji yakipashwa moto kwa mara ya kwanza yanaachia hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, na hewa hiyo inakwenda kujikusanya juu. Rejeta tatu za ghorofani zilipiga mluzi, zile za chini hazikuwa na kitu. Karatasi kavu kwenye viungio vyote ilibaki kavu. Tukaongeza hadi 1.2.

Katikati ya wiki: kusawazisha

Rejeta ya karibu na boila ilikuwa inachoma na ya chumba cha nyuma vuguvugu. Nilizifungua zote kabisa kwenye valvu za kofia, kisha nikaanza kuzibana zile zinazopata moto mapema, robo mzunguko kila moja, nikipima bomba la kuingia na la kutoka kwa vipimajoto viwili vya kubana. Lengo ni maji yapoteze joto la kutosha kabla ya kurudi. Boila ya aina hii inavuna joto la ziada kwenye moshi pale tu maji yanaporudi chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke unapogeuka maji. Yakirudi na 65, umenunua boila ya kisasa na unaitumia kama ya zamani.

Tumeiweka 60 kwenda, na inarudi kwenye arobaini na kitu. Kanuni za ujenzi za England tangu Juni 2022 zinataka mfumo mpya kabisa, boila na rejeta na mabomba, usanifiwe kwa maji ya kwenda yasiyozidi nyuzi 55. Wetu mabomba na rejeta ni za zamani, hazibanwi na sharti hilo, lakini siku za baridi ya wastani nitajaribu 55 nione kama sebule inatosheka.

Wiki iliyofuata: kufunga

Asubuhi kabla ya boila kuwaka, geji 1.2. Siku nyingine tena 1.2. Nimetia alama kwa kalamu ya rangi kwenye kioo cha geji.

Hozi ya kujazia nimeifungua na kuiondoa, midomo yote miwili nimeiziba kwa vizibo vya nati. Kanuni za maji za mwaka 1999 zinataka hivyo, kwa kuwa maji ya rejeta yana dawa na hayaruhusiwi kubaki yameungwa na maji ya kunywa. Mimi ningeiondoa hata bila kanuni. Hozi ikiwa imening'inia pale, mkono utaizoea. Chujio la sumaku nililifungua kuangalia, lilikuwa na utando mwembamba mweusi, mabaki ya tuliyoyaosha. Nitalifungua tena msimu wa baridi ukiisha.

Cheti cha kazi ya fundi wa gesi kitakuja kwa posta. Kilichobaki ni kuvisha mabomba ya chini ya sakafu sifongo la kuhifadhi joto.

Mama mkwe anakaa nasi na ndiye anayeshinda nyumbani, kwa hiyo nimebandika kadi ya Kiswahili ndani ya mlango wa kabati la boila: "Mama, sindano ikiwa baridi isome kati ya 1 na 1.5. Nyumba ikiwa ya moto itapanda, usiogope hadi ifike 2 na nusu. Ikishuka chini ya 1, usiruhusu mtu yeyote aongeze maji. Angalia lile bomba la nje ukutani kama linadondosha, kisha nipigie."